Mafuta Yasiyochafuka

Mafuta hujulikana kwa rangi. Hivyo nilifundishwa na mama yangu, naye alifundishwa na wa kwake, na miaka yote niliyouza mawese kwenye barabara ya Makobola sikuona sababu ya kubishana nao. Ukiletewa bidoni, lile dumu la mafuta, humuulizi mtu amekamua namna gani. Unavunja kikonyo cha jani la papai, kile chenye tundu katikati, unakizamisha mpaka chini kabisa, unaziba tundu la juu kwa kidole gumba, unakitoa. Kilicho ndani ya kikonyo ndio ukweli wa bidoni. Kama chini mna weusi na takataka, unamrudishia mwenyewe na kumwambia akawauzie wasio na macho. Mafuta safi yametoka kwenye chungu safi. Mafuta meusi ni ya mtu mvivu.

Sikusoma sana. Nilitoka shuleni najua kuandika jina langu na sala, mengine nikajifunza ukubwani. Atakayeona makosa humu avumilie, au aache kusoma.

Nataka kueleza jinsi moteri, yaani injini, ya gari yetu ilivyokufa, maana siku ile ilipokufa ndipo mtoto wangu wa mwisho alipoondoka, hata kama miguu yake ilibaki nyumbani kwa muda.

Nilizaa wavulana wawili walioishi. Wa kwanza alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu, kule upande wa Fizi. Vijana wanayaita kareri. Alisema anakwenda msimu mmoja tu. Wengine walikuja kutuambia shimo limemfunika. Wengine walisema hapana, ameonekana mbele zaidi, amenenepa, ana mke. Hakuna aliyeniletea hata shati lake. Tulikaa matanga bila mwili, na baba yao naye akaanza kukohoa, akamfuata.

Basi mdogo alipoanza kusema na yeye hilo neno, kareri, niliuza shamba la michikichi aliloniachia marehemu kule Makobola, nikamnunulia gari. Shemeji zangu walinitukana mpaka mbele ya padri. Niliwaambia: shamba litazaa mawese, lakini halitamshika mtoto. Gari itamshika. Kwangu ile moteri ilikuwa kamba ya kumfungia nyumbani, na nilitaka kamba isikatike. Sikutaka kitu kingine.

Ilikuwa gari ndefu kwa nyuma, iliyozeekea mikononi mwa wengine kabla ya kufika kwetu. Lakini ilinguruma vizuri, bila haraka, kama mtu anayesali rozari. Mwanangu alipakia kwenye parkingi ya Kilibula, pale Uvira, anashuka mpaka Makobola, anarudi na wanawake wenye mihogo, na samaki, na bidoni za mawese juu ya paa. Akifika tu anageuka. Gari ya kazi hiyo haina Jumapili.

Na hata ikisimama haikupumzika. Pale parkingi iko desturi moja: gari ambayo moteri yake imezimwa haipandwi, kwa sababu abiria anajua bado itakaa. Kwa hiyo mashofere wote wanawasha, wanaziacha zingurume asubuhi nzima. Tena shofere anaisogeza yake mbele kidogo, anairudisha nyuma kidogo, ili mama mwenye haraka aamini inaondoka sasa hivi. Unapanda, unakaa, moteri inanguruma, huendi popote.

Siku moja nilimpelekea chakula nikamkuta amekaa juu ya jiwe, gari inanguruma peke yake.

"Zima," nikamwambia.

"Mama, nikizima batu batapanda ya mwenzangu."

"Lakini haiko nakwenda."

"Haiko nakwenda, lakini iko nafanana na yenye kwenda."

Wenzake wakacheka. Mmoja wao, aliyejiona mzuri sana, akasema: "Mama muzazi, sisi hapa tuko kama bachumba. Ndoa haiko leo, lakini lazima tuoneshe haraka."

"Na weye mwenye umeota mvi bila bibi, haraka yako iko wapi?" nikamuuliza.

Wakampigia kelele mpaka akaingia ndani ya gari yake na kupandisha kioo. Moteri zote zikaendelea kunguruma.

Kumwaga mafuta ya zamani ya moteri na kutia mapya wanakuita vidanji. Fundi wetu, mzee wa maneno machache, alikuwa na garaje Rugenge, uwanja mdogo wenye paa la mabati. Alimwambia mwanangu anunue mafuta ya kopo lililofungwa, yale yanayovuka mpaka kutoka Bujumbura, na asingoje gari itembee sana ndipo afanye vidanji. "Ile kunguruma yote ya parkingi, moteri iko naihesabu," alisema, "hata kama njia haiihesabu."

Mwanangu alitii. Lakini yale mafuta ya kopo yaliingia yakiwa na rangi ya asali, na hata juma halijaisha, alipochomoa kile chuma chembamba cha kupimia, yakawa meusi kama wino. Akavumilia, akamwaga, akatia kopo lingine. Yakawa meusi tena. Akaja na chuma chake mpaka jikoni kwangu, kinadondoka juu ya sakafu niliyotoka kufagia.

"Mama, ona vile bako natuiba. Hii ni mafuta ya zamani, baliipika tena, balitia mu kopo mupya."

Niliyasugua kati ya vidole. Mimi moteri siijui, lakini weusi ninaujua. Nikamjibu kile ambacho mwanamke yeyote wa barabara ile angemjibu: "Muntu akikuuzishia weusi, badilisha muntu."

Karibu na parkingi palikuwa na muuzaji wa mafuta ya moteri ya kupima, aliyeyatia kwenye chupa zilizokuwa za maji. Alizipanga mezani mbele ya jua, na mwanga ulipita ndani yake mpaka ukaanguka juu ya meza, mwekundu, kama mawese ya kwanza. Hakuna aliyejua yametoka wapi. Mtu aliyelelewa kwetu hangeuliza. Mwanangu akayatia.

Juma likapita, yako safi. Mwezi ukapita, yako safi. Akawa anachomoa kile chuma na kumwonesha kila mtu, mashofere, abiria, hata katekista. Jioni akifika nyumbani ananiita: "Mama, kuja uone." Nami nilitoka nikaona. Kilikuwa kinang'aa. Mke wake alisema afadhali angekuwa anamwonesha yeye namna ile kwa majirani.

Na kwa kuwa hayakuchafuka, hakuyamwaga. "Juu ya nini nimwage kitu safi? Iko zambi," alisema, nasi tuliobeba chikichi mgongoni tunajua kumwaga mafuta ni dhambi kweli. Aliongeza tu kidogo kidogo yalipopungua. Hata fundi wa Rugenge alipokuja kufunga breki, alichomoa kile chuma, akakitazama juani, akasema moteri iko na afya.

Palikuwa na mzee mmoja wa Makobola, fundi wa mitumbwi, ambaye zamani tulikuwa tunampa yale mafuta meusi ya vidanji. Anayapaka chini ya mitumbwi ili mbao zisiliwe na maji wala mchwa, naye anatuletea samaki. Mvua zilipokaribia kuisha mwanangu alifanya vidanji, baada ya muda mrefu sana, akatia tena ya chupa, akampelekea mzee yale aliyomwaga. Mzee alikuja mpaka nyumbani kwetu na kibidoni mkononi, amekasirika.

"Mama, siku hizi munanipa nini? Hii haishike mbao. Ile ya zamani ilikuwa nyeusi, unapaka mara moja, muchwa anakimbia. Hii iko kama mafuta ya kupaka mutoto."

"Muchwa anafuata nini mu maji?" nikamuuliza.

"Mutumbwi haulale mu maji kila siku. Hata weye haulale mu kanisa."

Mwanangu akacheka. "Muzee, moteri yetu haiko na uchafu wa kukupatia. Iko safi."

"Basi uchafu yake inaendaka wapi?" mzee akauliza.

Alikuwa anatafuta mafuta ya mtumbwi wake, hakuwa na lingine moyoni. Tukacheka sote, hata yeye. Akaondoka na kibidoni chake, na samaki hatukuwaona tena.

Kiangazi kilipoingia, taa ndogo nyekundu, ile ya kuonya juu ya mafuta ya moteri, ikaanza kuwaka mbele ya usukani. Iliwaka gari ikiwa imesimama parkingi na moteri imepata joto. Gari ikianza kutembea, inazimika. Ndiyo maana hakuiogopa. Abiria ndio waliiogopa, wakauliza-uliza, basi akabandika juu yake picha ndogo ya Bikira Maria, mwanga ukawa unapita kidogo tu pembeni, kwenye vazi lake. Mke wake aliona moshi wa buluu nyuma ya gari asubuhi. Mimi nilisikia sauti. Ile rozari ilikuwa na kikohozi ndani yake, na kikohozi nilikuwa nimeshakisikia katika nyumba ile.

"Peleka kwa fundi," nikasema.

"Kesho, mama."

"Leo. Kesho ni ya Mungu."

Akaenda. Fundi akasikiliza, akaweka mkono juu ya moteri kama daktari, akasema arudie mafuta ya kopo, tena yale ya nguvu. Kuyapata haikuwa kazi ndogo, maana siku zile mpaka ulikuwa unafungwa na kufunguliwa kama mlango usio na komeo. Lakini aliyapata. Alikuja nayo nyumbani amelikumbatia kopo. Akamwaga yale ya chupa, akatia haya, akaibandua picha ya Bikira, akaiweka mfukoni mwa shati. Taa haikuwaka. Siku ile alikula vizuri. Alimbeba mtoto wake mdogo mabegani akamzungusha uwanjani akifanya sauti ya moteri, na mimi, ambaye si mwepesi wa kushukuru kabla kitu hakijaisha, nilishukuru.

Yakawa meusi upesi kuliko zamani. Safari hii hakuna aliyelalamika. Fundi alisema tuyaache yawe meusi.

Siku chache baadaye nilipanda gari yetu kwenda misa ya matanga Makobola. Nilikaa mbele. Tulikuwa tumeshaiacha Uvira nyuma, ziwa liko kushoto, na ile taa ikawaka. Gari ilikuwa inatembea, na taa imewaka. Nilimtazama, naye akaona nimeona.

"Simama," nikasema.

"Tufike kwanza, mama. Nikisimama hapa batashuka bote."

Kisha ikaanza sauti ambayo sijaisahau, kama mtu anayetwanga mawe kwenye kinu. Ikapiga, ikapiga, ikakaza kwa ghafla mpaka kichwa changu kikaenda mbele, halafu kimya. Nilikuwa nimezoea sana ile ngurumo, hata kusikia maji ya ziwa pale barabarani kukanishtua.

Akashuka, akafungua mbele, akasimama.

"Shofere," mama mmoja mwenye ndagala, dagaa wa ziwani, akamwita kutoka nyuma, "ndagala yangu inaoza, na weye unatazama moteri kama muntu anasoma Injili."

"Angalau angesoma kwa sauti," mwingine akasema, "tungejua inaishaka namna gani."

Alikuwa ameweka mkono mfukoni mwa shati, pale picha ilipokuwa.

Tuliivuta kwa kamba, nyuma ya lori la mchanga, mpaka Rugenge. Fundi akalala chini yake, akafungua ile sahani kubwa ya chini ambamo mafuta yote ya moteri hukaa, akaishusha, akatuwekea mbele. Mimi nilitegemea kuona mafuta. Hayakuwa mafuta. Lilikuwa tope jeusi, zito, linalotikisika, sawasawa na lile tope linalobaki chini ya chungu cha mawese, ambalo nguruwe mwenyewe hulinusa kwanza. Katikati yake kulikuwa na kichujio cha waya, na kichujio kilikuwa kimezibwa chote, hata sindano isingepita.

Fundi akajifuta mikono. Hakumtazama mwanangu, alinitazama mimi.

"Mama, uko naosha sufuria yenye masizi. Maji inatoka safi. Utasema nini?"

"Nitasema sufuria haijaoshwa."

"Na muntu mwingine akikuja na sabuni ya nguvu, akaosha masizi ya mwaka muzima kwa siku moja?"

"Yatatoka mabonge."

"Na kama tundu ya kutokea iko ndogo?"

Tundu lilikuwa pale mbele yetu.

Mwanangu aliuliza kwa sauti ndogo: "Kusema ile safi njo iliua moteri?"

"Ile safi ilijaza. Iliacha uchafu yote mu moteri. Ile ya kopo ilikuwa naufagia, njo maana ilikuwa nyeusi. Ulipoirudisha, ikafagia byote mara moja." Akaikwangua ile sahani kidogo kwa bisibisi. "Na minye ningefungua huku chini kwanza. Sikufungua. Hata minye niliona chuma yako inang'aa."

Nilifikiri juu ya kile chuma. Miezi yote ile tulikuwa tunakitoa na kukitazama kama kikonyo cha papai, na hakikuwa kikonyo cha papai. Hakifiki chini ya chungu. Kinaonja juu tu. Na nilitafuta mtu wa kumkasirikia, kwa maana nikikasirika napata nguvu. Muuzaji wa chupa alikuwa ameshahamisha meza yake, na naamini na yeye aliyapenda kwa rangi. Sikumpata mtu.

Fundi alijaribu. Alikwangua, aliosha, akabadilisha segma, zile pete zinazozunguka pistoni. Lakini chuma kikubwa kinachozunguka katikati kilikuwa kimelika mpaka ukipitisha ukucha unakwama. Alituambia iko njia moja tu, kutafuta moteri nyingine ng'ambo ya mpaka. Bei yake nilisikia, nikainuka, nikamshukuru. Sikuwa na shamba lingine.

Gari ilirudi nyumbani ikisukumwa. Siku za kwanza mwanangu aliamka mapema kama zamani, akachota maji, akaiosha. Alifuta vioo. Alipiga vumbi viti. Jirani mmoja akamwita kutoka upande wa pili, "Shofere, leo tunaenda wapi?" na mke wa mwanangu akamrushia jirani maneno ambayo siandiki. Halafu asubuhi moja hakuiosha. Nilikuwa nawasha moto, nikaona ndoo imekaa kavu mahali pake, na nikajua.

Alingoja jioni aniambie, nimekaa nachambua mchele.

"Mama, ni musimu moja tu. Nikipata ya moteri, narudi."

"Kaka yako alisema vilevile."

"Kaka hakuwa na gari ya kutengeneza."

"Na weye hauna. Uko na mabati ya kulalia kuku."

Akakaa chini karibu nami, akachukua mchele kidogo, akaanza kuchambua na yeye. Vidole vyake vilikuwa bado na weusi kwenye kucha. "Basi niambie nifanye nini," akasema. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kumjibu. "Minye niko nakusikiliza, mama. Niambie, nitafanya."

Mimi ni mtu wa kuwa na neno. Watu wananiogopa kwa hilo. Nilitafuta katika kichwa changu chote, nikatafuta kwa baba yake, kwa padri, kwa shemeji zangu ambao walikuwa bado wanangoja niombe radhi. Mchele ukaisha kuchambuliwa. Nikainuka nikaupika.

Nilimsindikiza mpaka parkingi. Mke wake hakutaka kuja, alibaki ndani na watoto. Gari za kwenda upande wa Fizi zilikuwa zimepangwa, zote zinanguruma. Yule shofere mwenye mvi, ambaye nilimtania siku ile, alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Aliposikia mwanangu anakwenda kareri hakufanya mzaha. Alichukua mfuko wa mwanangu akaufunga nyuma kwa mikono yake.

"Zima moteri," nikamwambia. "Bado hakuna abiria."

"Mama muzazi, nikizima nani atapanda?"

"Utaiua."

"Najua," akasema. "Ya mutoto wako niliiona."

Mwanangu akapanda, akakaa kwenye kiti cha nyuma, akashusha kioo. Gari ikasogea mbele kidogo. Nikainua mkono. Ikarudi nyuma kidogo. Nikaushusha. Hivyo tulikaa asubuhi ile, yeye ndani, mimi nje, jua likipanda. Hakuna aliyemshika. Mlango ulikuwa haujafungwa vizuri, angeweza kushuka wakati wowote, tukarudi nyumbani kwa miguu na mfuko wake kichwani mwangu. Alinitazama kama mtu anayengoja kuitwa. Moshi wa buluu ulinipita miguuni. Ikasogea tena mbele, na mimi, nikiamini ni ule mchezo wao, sikuinua mkono.

Haikurudi.